Yai Lililoota Nundu

Tangu Esteri alipoolewa na Nestori, mama yake hakupata kumtaja huyo mkwe kwa jina. Desturi ilimkataza, naye aliishukuru desturi. Akimsema alisema "yule", na kwa namna alivyolitamka neno hilo hata mgeni angejua kwamba yule si mtu wa kukabidhiwa mbuzi, sembuse binti.

Mama huyo, Ininahazwe, alikuwa mwanamke mrefu, wa kuinamia milango ya watu. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na Esteri mgongoni na kikapu kichwani, akajenga, akalima, akamzika mume, akazeeka pembeni mwa mji wa Kibondo bila kumwomba jirani chumvi. Mtu wa namna hiyo hana huruma na watu wanaoanza kazi wasiimalize. Na Nestori, Mungu amsamehe, alikuwa hodari wa kuanza. Uwanja wake ulikuwa bondeni, chini ya nyumba ya mama mkwe, na kutoka kwenye kona ya ukuta wake Ininahazwe aliweza kuona kila upuuzi uliokuwa ukiendelea huko. Palikuwa na mashine ya kukoboa mahindi iliyokoboa debe moja ikanyamaza. Palikuwa na mizoga mitatu ya Land Rover, na Land Rover ya nne, ambayo ilikuwa hiyo mitatu imeungwa pamoja, na ambayo siku za baraka ilitembea.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na tano yule akaanza jambo jipya. Alikuwa ameona picha katika gazeti la Wazungu waliomletea gari kutengeneza: kijumba juu ya matairi mawili, kimetuna mbele, kinateremka nyuma mpaka kinachongoka, kama tone la maji linalotaka kuanguka. Gari hukivuta, na mwenyewe akichoka huegesha, akaingia, akalala. Nestori alilitazama gazeti lile wiki nzima. Kisha akachukua ekseli ya pikapu iliyokufa, akachonga mbavu za plaiwudi, akazivika mabati ya makopo ya mafuta ya msaada aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Alimweleza mkewe kwamba atakwenda mnada hadi mnada, Kasanda, Gwarama, mpaka Kasulu, akitengeneza redio na baiskeli, na usiku atalala ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kumlipa mtu wa gesti.

"Nyumba gani?" aliuliza Ininahazwe alipoletewa habari hiyo. "Ile ni yai. Kuku akipita hapo atalilalia."

"Vyaelea vimeundwa, mama," alisema Esteri.

"Hicho hakielei. Hicho kimekaa."

"Yeye ana akili tofauti tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Na yule amenyoa," alisema mama yake, akamaliza mazungumzo.

Ndani ya yai hilo palikuwa na godoro na si kitu kingine. Huwezi kusimama wala kukaa wima. Mlango ulikuwa ubavuni, mdogo kama wa banda la kuku, na mtu aliingia kwa mikono na magoti huku sehemu zake za nyuma zikiiaga dunia. Kutoka kwenye kona ya ukuta wake Ininahazwe alimwona Nestori akiingia hivyo mara nyingi, na kila mara aliita jirani aje aone. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakujua kwamba atakuja kuuhitaji mlango ule.

Habari ililetwa na Bazilio, katekista, mtu mpole mwenye baiskeli na kikohozi, aliyekuwa akienda kwenye kambi za wakimbizi za Kasulu kufundisha dini. Alikuja asubuhi moja akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mikononi.

"Mama, nimetoka Mtabila. Kuna mzee huko aliyeingia mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Nkunzimana. Anasema ana dada aliyekimbilia huku zamani, mrefu, anaitwa Ininahazwe."

Ininahazwe alikuwa amesimama, ameegemea fimbo.

"Anaumwa kifua," aliendelea Bazilio. "Anaumwa sana. Ameniambia hivi: mwambie dada yangu aje, nimwambie mahali alipolala mama."

Bazilio hakujua maneno hayo yana uzito gani. Ininahazwe alijua. Mwaka ule wa kukimbia, mama yao alikataa kuondoka. Alisema miguu yake imeshamaliza safari zake. Nkunzimana akabaki naye, Ininahazwe akavuka na mtoto. Baadaye zikaja habari za mdomo kwamba mama ameuawa, na kwamba Nkunzimana amemzika peke yake, kwa siri, pasipo kilio wala alama, kama walivyozikwa wengi siku zile. Mahali penyewe hakupata kumwambia mtu. Na mtu ambaye hujui alikolala hujamaliza kumlilia. Huanui tanga. Ininahazwe alikuwa mfiwa wa mama yake kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila alipoomba hakujua aelekeze uso upande gani. Alikuwa hataki kitu kingine chochote duniani. Alitaka kuambiwa mlima, mto, mti, na kwa mdomo wa ndugu yake.

"Mwambie ninakuja," alisema.

Esteri alipokuja jioni alimwambia kwamba mjomba wake amepatikana Mtabila na ni mgonjwa. Habari ya kaburi hakumwambia. Ukimwambia Esteri umemwambia yule, na Ininahazwe hakutaka yule ajue kwamba mama mkwe wake ana kitu anachokihitaji kiasi hicho. Mtu akijua unachokihitaji ameshakushika mkono.

Tatizo lilikuwa nyonga. Alikuwa ameanguka shambani wakati wa masika, na tangu hapo aliweza kusimama na aliweza kulala, lakini kukaa hakuweza hata kidogo. Basi la Kasulu lilikuwa watu juu ya watu, na lori lingemfikisha Mtabila akiwa vipande. Esteri alishuka bondeni, akarudi na jibu kabla ugali haujapoa.

"Mama, Nestori anasema atakupeleka. Utalala kwenye godoro safari nzima. Ndani ya lile..." Alisita.

"Sema."

"Yai."

Ininahazwe alimtazama bintiye kama anayeangalia mboga iliyoungua.

"Mimi," alisema polepole, "niingie kwa magoti mlango wa kuku, nimwonyeshe mkwe wangu makalio?"

Hapo, tuseme kweli, hakuwa na kosa. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Nestori akipita njiani Ininahazwe aligeuka na kuvuta kitenge usoni. Nestori naye aliinamisha kichwa na kuingia porini kama mbuzi aliyeogopa mvua. Hakupata kuinua macho kutazama kona ile ya ukuta wa juu, na kama walikuwa na neno, Esteri alilibeba kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mwanamke mzima kutambaa mbele ya mume wa bintiye ni jambo ambalo wajukuu wangekuja kulisimulia.

Lakini dawa zilikuwepo. Nestori aliagiza kwamba atakwenda nyuma ya kilima mpaka mama awe ameshaingia na mlango umefungwa. "Na akirudi hatajua nimeingiaje?" alijibu Ininahazwe. "Ana akili ya kuku, lakini hata kuku anajua mlango wake." Bazilio naye alipopita tena na kusikia, alijaribu kwa upole wake wa kikatekista.

"Mama, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Aliyesema hivyo hakuwa na mkwe fundi," alisema Ininahazwe. "Mimi nina mtu wa kuniinulia kitanda. Si ni fundi? Basi ainue paa. Niingie nimesimama, kama mtu anayeingia kanisani, au siendi."

Alisema hivyo kwa nusu ya mdomo, na nusu hiyo ilikuwa ya dharau tupu. Aliamini yule hawezi. Alitaka ashindwe mbele ya mji mzima, halafu apatikane mtu wa maana mwenye gari la maana. Mtu huyo alikuwa nani hakujua, wala hakujiuliza.

Esteri alipopeleka amri hiyo bondeni alitegemea mumewe atakasirika. Nestori aliweka nyundo chini, akatabasamu. Utoto wake alikuwa ameuacha Kigoma mjini, karibu na stesheni, na mabehewa ya zamani yalikuwa na paa lililokaa juu ya paa: katikati ya mgongo wa behewa paliinuliwa sehemu nyembamba, yenye vidirisha huku na huku, mwanga ukaingia na joto likatoka. Alikuwa akitamani kutengeneza kitu kama hicho tangu hajaota ndevu, na sasa mama mkwe amemwamuru. Siku hiyohiyo akalipasua yai katikati kwa msumeno.

Ininahazwe aliona kila kitu kutoka juu, na mdomo wake haukupata likizo. Alimwona yule akikata utosi wa yai kutoka mbele mpaka nyuma, akiacha ufa mpana. Alimwona akisimamisha nguzo fupi pande zote mbili za ufa, akiziunganisha kwa mbao, akipachika kati yake vioo vya luva alivyovitoa kwenye madirisha yaliyobomolewa ya nyumba fulani ya serikali. Juu akaweka mgongo mpya wa bati, akaunyoosha mpaka mwisho wa mkia, na hapo nyuma akakata mlango mrefu wenye ngazi. Lile tone la maji la kwenye gazeti lilikuwa limekufa. Kilichobaki hakikuwa na jina.

"Yai limeota nundu," aliwaambia majirani. "Kesho litaota pembe. Keshokutwa litaomba kulishwa."

Majirani walicheka. Walipomaliza kucheka walishuka bondeni kutazama kwa karibu, na waliporudi walikuwa wamepunguza kicheko. Hilo lilimuudhi.

Siku ya kujaribu maji alifurahi kidogo. Nestori aliingia ndani na kufunga mlango, Esteri akapanda ngazi ya miti akamwaga ndoo juu ya paa. Maji yalipita pale nundu ilipokutana na yai, na baada ya muda mlango ukafunguka, fundi akatoka amelowa kama mtoto aliyebatizwa kwa kuzamishwa. Ininahazwe alicheka peke yake, kwa sauti, ili sauti ifike bondeni. Nestori hakuinua macho. Alichemsha lami kwenye kopo, akakata mpira wa ndani wa tairi vipande virefu, akaufunga ule mshono wote. Ndoo ya pili nayo ilipenya. Ya tatu ikapenya, akaziba tena. Ilikuwa imeshapita wiki moja na zaidi.

Bazilio akaja tena. Safari hii hakukaa.

"Mama, nimepita Mtabila. Mzee bado anasema, lakini anasema kidogo. Ukienda, nenda upesi."

"Mwambie paa bado," alijibu Ininahazwe.

Bazilio alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Alhamisi kazi ikawa tayari. Land Rover ya mizoga mitatu ililipandisha lile dubwana kilimani likiyumba, likang'aa kwa maandishi ya makopo ya mafuta, na nusu ya mtaa ikalifuata. Nestori aliliegesha mbele ya nyumba ya mama mkwe, akashuka, akaondoka kichwa chini mpaka nyuma ya migomba, asionekane. Esteri alifungua mlango mrefu. Ndani palikuwa na godoro upande mmoja na njia ya kusimama upande wa pili, na mwanga wa vidirisha vya juu ulikuwa umemwagika sakafuni. Alikuwa ametandika hata shuka la maua.

Ininahazwe alipanda ngazi, fimbo mkono mmoja, bintiye mkono wa pili. Aliingia amesimama. Hatua ya kwanza ilikuwa njema. Ya pili, utosi wake ukagonga bati.

Watu wote walisikia mlio.

Nafasi ilipungua kwa upana wa kiganja. Angeinamisha shingo kidogo tu, kama mtu anayepokea ekaristi, angefika kwenye godoro kwa hatua mbili, akalala, na safari ikaanza kesho yake alfajiri. Alijua hivyo akiwa amesimama pale na kichwa kikimuuma. Lakini nje palikuwa na majirani, na ndani ya kifua chake palikuwa na kitu kilichokuwa kikisubiri kosa la yule kwa miaka mingi, na sasa kosa limepatikana, kubwa, la chuma, limepiga kelele. Hakuweza kuliacha lipite. Akateremka ngazi kwa kinyumenyume.

"Alimpima nani huyu?" aliuliza.

Esteri alitazama chini. "Mimi, mama. Nilisimama ndani, akatia alama ya penseli. Nilimwambia uko sawa na mimi, labda umenizidi kidogo."

Esteri alikuwa mfupi kama baba yake, na siku nyingi sasa alikuwa amemzoea mama yake akiwa ameinamia fimbo. Angemuuliza nani mwingine? Mkwe hawezi kumpima mama mkwe wake. Hawezi hata kumtazama amesimama. Katika mji mzima wa Kibondo Nestori ndiye mtu mmoja ambaye hakujua urefu wa mwanamke yule, na yeye ndiye aliyetakiwa kumjengea paa.

"Mwambie," alisema Ininahazwe, akihakikisha migomba inasikia, "kwamba nguo ya mbuzi haivaliwi na ng'ombe. Mwambie apandishe tena."

"Mama, ni kiganja tu. Kesho tungekuwa njiani. Na mjomba..."

"Mjomba wako amenisubiri tangu mwaka wa sabini na mbili. Atangoja kiganja."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, mbele ya watu, na baadhi yao wako hai. Akakata ufito kwenye ua wake, akausimamisha kando yake, akauvunja sawasawa na utosi, akampa Esteri. "Kipimo hicho. Asipoweza kusoma namba, hata ng'ombe anaelewa fimbo."

Nestori aliupokea ufito kwa mikono miwili. Hakusema neno baya, na Esteri baadaye alisema kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alilirudisha dubwana bondeni, akang'oa lami, mpira, vioo na misumari, akarefusha nguzo moja baada ya nyingine, akavirudisha vyote. Ijumaa alifanya kazi, na Jumamosi. Jumapili hakuna anayesafiri. Ininahazwe alikwenda kusimama kwenye kona yake kama kawaida, lakini safari hii hakuwa na la kuchekesha, na alirudi ndani mapema, akakasirika bila kujua anamkasirikia nani.

Jumatatu kabla jua halijachomoza aliingia amesimama, na bati halikumgusa. Nestori alikuwa ameongeza vidole viwili vya heshima.

Njia ya Kibondo hadi Kasulu siku zile haikuwa njia, ilikuwa adhabu. Lakini yai halikumpiga kama alivyotegemea. Yule alikuwa ameweka chini yake springi za pikapu na matairi yaliyopunguzwa upepo, na aliendesha polepole kama anayebeba maziwa. Esteri alilala pembeni ya mama yake. Kutoka kwenye vidirisha vya juu Ininahazwe aliona vilele vya miti vikipita, kisha anga, kisha vilele tena, na vumbi lilibaki chini likigombana na matairi. Upepo uliingia upande huu ukatokea upande wa pili. Walipovuka daraja la Malagarasi alisikia maji chini yake na hakuyaona, akawaza kwamba hajapata kusafiri vizuri hivi tangu azaliwe, na wazo hilo alilimeza haraka kama dawa chungu.

"Mama, inakuumiza?" aliuliza Esteri.

"Nimesema?"

Walipopita Makere watoto walikimbia nyuma yao wakiimba. Jioni ikaanza kuingia walipofika Mtabila, safu kwa safu za vijumba vya udongo vilivyofunikwa maturubai, moshi ukiwa umelala juu yake. Waliulizauliza mpaka wakaelekezwa. Watu walikusanyika kutazama kile kitu chenye nundu, na mlango mrefu ulipofunguliwa Ininahazwe alishuka ngazi wima, kitenge kipya, shingo juu, mbele ya umati, hasa kama alivyotaka. Mtu mmoja aliuliza kama huyo ni mke wa askofu.

Mwanamke wa makamo akajipenyeza, macho mekundu. "Shangazi? Mimi Apoline, binti ya Nkunzimana. Njooni. Yuko hapa."

Kijumba kilikuwa kifupi kuliko vingine. Mzee alikijenga mwenyewe alipofika, turubai lilikuwa dogo, akapunguza kuta litoshe. Mlango ulimfika mtu magotini na kidogo zaidi. Apoline aliinama, akaweka mikono chini, akaingia kwa kutambaa, na miguu yake ikapotea gizani.

Esteri aligeuka upesi kumtafuta mumewe, ampe ishara aondoke. Hakuwahi. Mama yake alikuwa ameshaiachia fimbo. Alipiga goti moja, nyonga ikalia, akapiga la pili, akashika udongo kwa mikono yote miwili, akaingia kwa kusukumasukuma mwili, kitenge kimemponyoka kiunoni, Nestori akiwa amesimama hatua chache nyuma yake na umati mzima ukitazama. Hakuuliza yule yuko wapi. Hakukumbuka.

Ndani palinuka dawa na moshi. Nkunzimana alikuwa kwenye mkeka, mifupa na macho. Macho yalimjua. Yalimshika tangu alipoingiza kichwa, yakajaa maji.

"Kaka," alisema Ininahazwe. "Ni mimi. Nimekuja. Niambie."

Midomo ikacheza. Ilitoka pumzi, na ndani ya pumzi hamkuwa na kitu.

"Hasemi tena, shangazi," alisema Apoline. "Mpaka juzi Jumamosi asubuhi alikuwa akisema. Gari likipita alikuwa akiuliza, ni yeye? Jumamosi mchana upande mmoja ulilegea, na ulimi ukaenda nao."

"Hakukuambia kitu? Habari ya mama yetu?"

"Nilimwomba. Nilimwambia baba, niambie mimi, nitamfikishia. Akakataa. Alisema kaburi halitumwi mtoto. Alisema dada yangu yuko njiani."

Jumamosi. Ininahazwe aliihesabu siku hiyo mara moja tu na haikuwa na haja ya mara ya pili. Ijumaa jioni angekuwa amelala hapa, kando ya mkeka huu, akiambiwa mlima, mto, mti. Alimshika ndugu yake mkono. Nkunzimana aliuinua ule mmoja uliobaki na uhai, akaelekeza kidole upande wa machweo, kuelekea Burundi yote, nchi nzima ya milima, kisha mkono ukaanguka. Akaanza tena. Mwanamke yule aliyekuwa hajapata kulia mbele ya watu akaweka paji la uso juu ya mkono huo akalia kwa sauti, na kilio hicho kilikuwa cha mama yake na cha ndugu yake na cha upuuzi wake mwenyewe, vyote pamoja.

Nje, Nestori alisikia kilio, na kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia kilichokuja kutafutwa pale, alifikiri ni nyonga. Alikisogelea kijumba, akageuzia uso upande mwingine kama desturi inavyotaka, akasema na mkewe kwa sauti ya chini. Lakini kuta za udongo ni nyembamba.

"Mwambie mama anisamehe. Kama paa limemtesa njiani, nitalipandisha tena kabla hatujarudi."

Esteri alitambaa hadi mlangoni, akaingiza kichwa kuyabeba maneno hayo kama alivyoyabeba siku zote. Hakuwa na haja. Mama yake alikuwa ameinua uso.

"Nestori," aliita Ininahazwe, na Esteri akashtuka, maana jina hilo hakuwa amelisikia mdomoni mwa mama yake tangu siku ya harusi. "Lilikuwa linatosha tangu Alhamisi."

Nkunzimana aliuinua tena mkono wake, akaonyesha machweo.